Mshale ukirudi chini, usishangilie

Leo ningependa tuzungumze kuhusu kitu ambacho kila mwenye gari hukitazama mara mia kwa siku lakini ni nadra sana kukiona. Nacho si kingine bali ni dashibodi, ule ubao ulio mbele ya dereva wenye mishale na taa ndogondogo.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2019 tulikuwa tukirejea Nairobi kutoka Nakuru, tulikokuwa tumehudhuria harusi ya binamu yangu. Garini tulikuwa watano: mimi kwenye usukani, mama mzazi kando yangu, na nyuma mke wangu na watoto wetu wawili waliokuwa wamelala fofofo. Naivasha tuliipita salama salimini. Tulipoanza kuupanda mlima wa Kinungi, malori yakitutangulia kwa mwendo wa kobe, niliona mshale wa geji ya joto ukiondoka katikati, mahali ulipozoea kukaa, na kuanza kukwea kuelekea herufi H. Nikamwambia mama kwamba tungesimama mbele kidogo penye nafasi.

Kabla hatujasimama, mshale ukageuka. Ulishuka haraka, ukaipita katikati na kwenda kulala kabisa kwenye C, kama gari lililolala nje usiku kucha.

"Asante Mungu," mama akasema. "Limepoa."

Nami nikafurahi, nikakanyaga mafuta. Sikujiuliza ni gari gani hilo linalopoa likipanda mlima.

Soko Mjinga hatukufika. Injini ilianza kugonga kama mtu anayetwanga mahindi, ikapoteza nguvu, kisha ikazima. Mwendeshaji bodaboda alituletea fundi, kijana mpole aliyebeba spana zake katika mfuko wa unga. Alifungua boneti, akangoja mvuke utulie, akachungulia huku na kule. Kisha akanionyesha bomba la mpira lililokuwa limepasuka.

"Mkubwa, hapa maji yaliisha zamani."

Nikabisha. Nikamwonyesha geji, mshale ungali pale kwenye C. Akatabasamu. "Hii geji hupima joto la maji. Maji yakiisha, itapima nini?"

Silinda hedi ilikuwa imepinda na gaskiti imeungua. Gharama yake ilimeza karo ya muhula mzima ya kifungua mimba wangu, na mwalimu mkuu alinivumilia hadi Novemba. Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa dashibodi. Nimekaa na mafundi wengi, wa gereji za fahari na wale wa jua kali, nikiwauliza maswali hadi wakachoka nami. Haya nikuelezayo leo ndiyo niliyovuna huko.

Kwanza kabisa, msomaji, elewa kwamba mshale au taa haijui lolote kuhusu injini yako. Ni tarishi tu. Kule kwenye injini au kwenye tangi kuna kidude kidogo ambacho mafundi hukiita sensa au swichi. Kidude hicho hutuma habari kwa waya, waya huipeleka hadi dashibodini, na geji huisoma. Kwa hivyo ukiona jambo lisilo la kawaida, kuna pahali panne pa kushuku: huenda tatizo ni la kweli, au sensa imekufa, au waya umekatika ama kugusa mwili wa gari, au geji yenyewe ni mgonjwa. Dereva wengi hukosea kwa kuchagua jibu moja kabla ya kupima. Mimi nilimwamini tarishi aliyenyamaza. Jirani yangu, mwalimu wa shule ya upili, alikosea kwa njia nyingine. Taa yake nyekundu ya oili iliwaka asubuhi moja. Gereji aliyoiendea ikamwambia injini imekwisha, atafute nyingine. Alikuwa ameshaanza kuzungumza na chama chake cha akiba na mikopo wakati fundi wa pili alipopima na kukuta swichi ya oili ndiyo mbovu. Swichi hiyo hutoshea kwenye kiganja cha mtoto, na bei yake haifiki hata ile ya tairi moja kuukuu.

Kipimo cha kwanza hakigharimu senti, na ningeomba ukifanye kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini. Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, lakini usiiwashe injini. (Ikiwa gari lako ni la kubonyeza kitufe, kwa mengi ya Toyota unabonyeza mara mbili bila kukanyaga breki.) Sasa tazama. Taa za ilani zinafaa kuwaka: ya oili, ya betri, ya injini, ya breki, ya breki za ABS na ya mifuko ya hewa. Hapo gari linakuonyesha kwamba matarishi wake wako kazini. Ukiiwasha injini, taa hizo huzimika, nyingine papo hapo, nyingine baada ya sekunde chache.

Watu wengi huiogopa taa inayowaka. Mimi siku hizi huiogopa zaidi ile ambayo haikuwaka kabisa ufunguo ulipogeuzwa. Taa ya oili isiyowaka wakati huo haitawaka pia siku oili itakapokosekana. Balbu imeungua, waya umechomoka, au mtu fulani aliinyamazisha kwa makusudi. Jambo hilo la mwisho nitalirudia.

Rangi nazo zina lugha yake. Nyekundu maana yake simama. Manjano maana yake tafuta fundi karibuni. Kijani na samawati hukuarifu tu kwamba kitu fulani kinafanya kazi. Ama ile sauti ya bibi wa Kijapani inayokusalimu kila uwashapo gari lililotoka Japani, msimjali. Mara nyingi anasema tu kwamba kadi ya kulipia ushuru wa barabara za kwao haijaingizwa. Rafiki yangu mmoja aliishi miezi miwili akidhani anaonywa kuhusu breki.

Turudi kwa geji ya joto, maana ndiyo iliyonifunza adabu. Katika magari mengi ya miaka iliyopita sensa yake ina waya mmoja tu. Maji yanapopata joto, sensa huruhusu umeme mwingi zaidi kupita, na mshale hupanda. Hivyo, waya ukichomoka mshale hukaa kwenye C daima. Waya ukichubuka na kugusa chuma cha injini, mshale hurukia H hata kama injini ni baridi kama maji ya mtungi. Ukijua hilo, umepata nusu ya elimu ya fundi. Kwa magari hayo ya zamani, fundi huchomoa waya kwenye sensa na kuugusisha chuma cha injini kwa muda mfupi tu, swichi ikiwa imewashwa. Mshale ukipanda, waya na geji ni wazima na mwenye makosa ni sensa. Usipotingishika, geji au waya ndio wa kuulizwa. Katika magari ya sasa yenye kompyuta, tafadhali usijaribu mchezo huo. Mwachie mwenye mashine ya kusoma kompyuta hiyo.

Je, ukiona mshale umelala kwenye C siku zote na maji yamejaa? Hapo kuna wawili wa kushuku. Huenda themostati imekwama ikiwa wazi na injini kweli haipati joto lake, nawe unalipia petroli ya ziada. Au tarishi anadanganya. Ili kutofautisha, washa injini asubuhi ikiwa baridi na uguse kwa uangalifu bomba la juu la redieta, mkono wako ukiwa mbali na feni. Bomba likianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, themostati imekwama. Likibaki baridi kwa dakika kadhaa kisha likapata moto kwa ghafla, themostati ni nzima, imefunguka kwa wakati wake. Na ikiwa mshale bado uko kwenye C, usimwamini tena.

Aidha, jihadhari na mishale ya magari ya siku hizi. Injini nyingi hufanya kazi vyema maji yakiwa na joto la kati ya nyuzi 80 na 100 hivi, lakini kompyuta huutuliza mshale usichezecheze na kumtia dereva wasiwasi. Kwa hivyo joto linaweza kupanda kiasi na mshale usiondoke katikati. Ukianza kuondoka, mambo yameshaharibika. Magari madogo kama Vitz na Honda Fit, mengi yake hayana mshale wowote. Yana taa ya samawati inapokuwa injini baridi, na nyekundu inapochemka. Mwenye gari kama hilo hana budi kufungua boneti na kutazama maji yake kila juma, kwa kuwa hana tarishi wa kumwambia "yanapungua". Na ikiwaka nyekundu, au mshale ukikwea, simama, zima injini, na usiguse kifuniko cha redieta kwa nusu saa au zaidi. Nimeona mtu aliyeungua uso Gilgil kwa kukosa subira ya dakika kumi.

Mshale ukikwea kisha ushuke ghafla bila wewe kusimama, sina haja ya kusema tena.

Geji ya petroli huleta aibu zaidi kuliko hasara. Ndani ya tangi kuna boya lililounganishwa na mkono mwembamba wa chuma. Boya likipanda na kushuka, mkono huteleza juu ya ubamba unaobadilisha nguvu ya umeme. Katika Toyota nyingi za zamani, waya ukikatika geji husema tangi ni tupu. Ubamba ukichakaa pahali pamoja, mshale huruka au kuanguka kila unapofika hapo. Ndiyo maana utamsikia mwenye gari akisema, "Langu huwa sahihi hadi nusu, halafu linachanganyikiwa." Nenda nalo pole. Jaza tangi, andika kilomita, na utajua gari lako linakwenda umbali gani. Kitabu cha senti chache kinaweza kushika nafasi ya geji hadi upate fedha za kuitengeneza. Na fundi akifungua tangi, watoto na sigara vikae mbali.

Geji ya petroli na ya joto zikiharibika kwa wakati mmoja, usikubali kuuziwa sensa mbili. Matarishi wawili hawaugui siku moja kwa bahati tu. Mwambie fundi aanze na fyuzi, kisha waya wa athi ulio nyuma ya dashibodi. Katika magari ya zamani atazame pia kidude kinachodhibiti umeme wa geji zote. Kikikwama, mishale yote hupanda kupita kiasi.

Sasa taa ya oili, ile yenye picha ya birika linalodondosha tone. Wengi hudhani huwaka oili inapopungua. La hasha! Katika magari mengi huwaka msukumo wa oili unapokuwa umekaribia kwisha kabisa, na injini isiyo na msukumo wa oili hujitafuna kwa muda mfupi mno. Ikiwaka ukiwa barabarani, hakuna cha kusema "nitafika tu nyumbani". Simama pembeni, zima injini, ngoja kidogo, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Oili ikiwa chini, ongeza, na uangalie kama taa itazimika ukiiwasha tena. Oili ikiwa ya kutosha na taa ingali inawaka, zima na uite wa kukuvuta.

Gereji ikikwambia injini imekufa, uliza swali moja tu: "Mmepima msukumo kwa geji ya mkono?" Swichi ya oili hufunguliwa, na mahali pake huwekwa geji ya kupimia iliyo sahihi. Injini huwashwa, namba husomwa, nawe unaiona kwa macho yako. Msukumo ukiwa mzuri, swichi ndiyo mwongo. Kipimo hicho hakichukui muda mrefu, na ndicho kilichomwokoa jirani yangu. Fundi anayekasirika kwa kuulizwa swali hilo, ondoa gari lako kwake kwa heshima.

Taa ya betri huitwa hivyo kimakosa, maana husema zaidi kuhusu alteneta. Ikiwaka ukiwa safarini, betri haichajiwi. Betri iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma inafaa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Mita ndogo ya umeme inayouzwa Kirinyaga Road itakuonyesha hayo. Lakini kabla ya mita, fungua boneti utazame mkanda. Katika magari mengi mkanda huohuo unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, taa ya betri itawaka kwanza na mshale wa joto utafuata nyuma. Mtu akikwambia "ni betri tu, twende", mwonyeshe mkanda.

Taa ya breki ina kazi mbili: kukukumbusha breki ya mkono, na kukuonya kwamba mafuta ya breki yamepungua. Iwapo inawakawaka ukikata kona au ukishuka mteremko, mafuta yako karibu na alama ya chini. Usikimbilie kuongeza. Mafuta ya breki hushuka yenyewe kadiri pedi zinavyolika, na taa hiyo huenda inakwambia pedi zimekwisha. Ukiongeza mafuta umemfunga tarishi mdomo. Na ikiwa pedi ni mpya, basi kuna pahali panapovuja, na hilo si jambo la kungoja Jumatatu.

Ile ya manjano yenye picha ya injini inastahili makala yake. Kwa leo elewa hivi: ikiwaka bila kupepesa, unaweza kuendesha polepole hadi kwa fundi mwenye mashine ya kusoma. Ikipepesa, injini inakosa moto kwenye silinda fulani, na petroli isiyoungua inaharibu bomba la kuchuja moshi. Magari yaliyouzwa Marekani yalilazimishwa kuwa na soketi ya aina moja ya kusomea makosa tangu mwaka wa 1996, na soketi hiyo sasa imo katika magari mengi tunayoyaendesha, chini ya usukani. Kumbuka tu kwamba mashine husoma namba ya kosa, haisomi sababu. Namba ikitaja sensa, haimaanishi sensa ndiyo mbovu. Huenda ni tarishi mwaminifu aliyeleta habari mbaya.

Nimesema nitarudi kwa wale wanaonyamazisha taa. Sheria zetu haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, lakini likishaingia huuzwa na kuuzwa tena, na kila mkono hupita na ujanja wake. Wapo wanaotoa balbu. Wapo wanaobandika utepe mweusi nyuma ya kioo. Walio hodari zaidi huunganisha waya wa taa ya mifuko ya hewa na ule wa taa ya oili, ili ziwake pamoja na kuzimika pamoja, mnunuzi asishuku.

Mwaka jana dada yangu mdogo aliniomba nimsindikize kununua gari katika yadi moja jijini. Lilikuwa jeupe, safi, limepakwa nta hadi likang'aa. Muuzaji alikuwa na maneno matamu. Dada yangu akaketi, akageuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote ziliwaka.

"Madam, unaona? Dashibodi safi kabisa," muuzaji akasema.

Dada yangu hakujibu. Alizima, akawasha tena, safari hii akaipiga injini moto papo hapo huku jicho lake likiwa kwenye picha ya mtu aliyeketi mbele ya puto. Taa hiyo hujipima yenyewe, na katika magari mengi huchukua kama sekunde 6 kabla ya kuzimika. Hii ilizimika sambamba na ya oili, kama pacha wake. Akarudia mara tatu. Mara zote tatu, pamoja.

"Kaka," akamwambia muuzaji kwa upole, "niruhusu nimwite fundi wangu afungue hii dashibodi. Nitamlipa mimi."

Muuzaji alisema fundi haruhusiwi kugusa gari kabla ya malipo. Baadaye akasema bosi wake hayupo. Mwishowe akasema yuko tayari kupunguza bei. Dada yangu ana mtoto wa miaka mitatu ambaye angeketi katika gari hilo kila siku. Alimrudishia ufunguo wake, tukatoka nje ya lango na kungoja matatu.